Je, Wajua? Karatasi Ambazo Mshtakiwa Hakuonyeshwa

Je, wajua kuwa nchini Marekani mwendesha mashtaka aliye na ushahidi unaomsaidia mshtakiwa anatakiwa kuutoa kwa mshtakiwa huyo, hata kama utaidhoofisha kesi anayoiendesha? Si hisani. Ni wajibu wa kikatiba uliowekwa tarehe 13 Mei 1963, siku Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua shauri la John Brady dhidi ya jimbo la Maryland. Mpaka leo mawakili wa huko huuita ushahidi wa aina hiyo kwa jina la Brady.

Je, wajua kuwa Brady mwenyewe hakuwa mtu aliyesingiziwa? Mwaka 1958 yeye na mwenzake Charles Boblit walitafuta gari la kwenda kuibia benki, na katika kulipata, mwenye gari, William Brooks, akauawa. Brady alikiri mahakamani kwamba alishiriki, ila akasema aliyeua ni mwenzake, na akaomba asihukumiwe kifo. Kabla ya kesi, wakili wake alikuwa ameomba aonyeshwe maelezo yote ambayo Boblit aliyatoa polisi. Akaonyeshwa kadhaa. Maelezo ya tarehe 9 Julai 1958, ambamo Boblit alikiri kuwa yeye ndiye aliyeua, hayakutolewa. Brady akahukumiwa kifo, rufaa yake ikatupwa, na baada ya hapo ndipo maelezo hayo yalipojulikana.

Jaji William Douglas, aliyeandika uamuzi wa 1963, alisema kuuficha ushahidi unaomfaa mshtakiwa aliyeuomba ni kumnyima haki ya kusikilizwa kwa haki, iwe aliyeuficha alikuwa na nia njema au mbaya. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko yote. Mtu aliyenyongwa kwa sababu karani alisahau karatasi hana nafuu kuliko aliyenyongwa kwa sababu karatasi ilifichwa makusudi.

Je, wajua kuwa ushindi huo haukumfungulia Brady mlango wa gereza? Kwa sheria za Maryland, hata kama Boblit ndiye aliyeua, wote wawili walikuwa na hatia ya mauaji. Kilichofutwa ni adhabu tu. Hakunyongwa, na miaka mingi baadaye aliachiwa kwa parole.

Je, wajua kuwa safari ya kanuni hii ilianza kwa bomu? Tarehe 22 Julai 1916, mjini San Francisco, bomu lililipuka katikati ya gwaride na kuua watu 10. Kiongozi wa wafanyakazi Tom Mooney akakamatwa na kuhukumiwa kunyongwa, adhabu iliyobadilishwa baadaye kuwa kifungo cha maisha. Kulikuwa na picha iliyopigwa siku hiyo ikimwonyesha Mooney na mkewe juu ya paa la jengo, zaidi ya maili moja kutoka mahali pa mlipuko, na ndani ya picha hiyo ilionekana saa ya mtaani ikionyesha dakika chache tu kabla ya bomu kulipuka. Mashahidi wakuu wa mashtaka walikuja kubainika kuwa waongo. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba serikali ikimfunga mtu kwa ushahidi inaoujua kuwa ni wa uongo, hiyo haiwezi kuitwa haki. Hata hivyo haikumtoa Mooney. Ilimwambia arudi kwanza kwenye mahakama za jimbo lake. Alitoka Januari 1939, kwa msamaha wa gavana, akiwa amekaa gerezani zaidi ya miaka 22.

Je, wajua kuwa kukaa kimya nako ni kosa? Mwaka 1959, katika kesi ya Napue dhidi ya jimbo la Illinois, shahidi aliulizwa kama ameahidiwa chochote kwa kutoa ushahidi wake. Akasema hapana. Mwendesha mashtaka alijua kuwa ahadi ilikuwapo, na hakunyanyuka kumsahihisha. Hatia ikafutwa.

Je, wajua kuwa ahadi ya ofisa mmoja inaifunga ofisi nzima? Mwaka 1972, katika kesi ya Giglio, mwendesha mashtaka mmoja alikuwa amemwahidi shahidi kwamba hatashtakiwa, na mwingine ndiye aliyesimama mahakamani bila kuijua ahadi hiyo. Mahakama ikasema ofisi ni moja. Huwezi kusema hukujua, ikiwa aliyejua anakaa chumba cha pili.

Na mwaka 1995 wajibu huo ukavuka ofisi hiyo ukafika kituo cha polisi. Curtis Kyles wa Louisiana alikuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji yaliyotokea kwenye maegesho ya duka kubwa. Polisi walikuwa na maelezo ya walioshuhudia ambayo wajihi uliotajwa humo ulifanana zaidi na wa mtoa habari wao kuliko wa Kyles. Walikuwa pia na orodha ya magari yaliyokuwepo kwenye maegesho yale, na gari la Kyles halikuwemo. Vyote hivyo havikufika kwa wakili wa utetezi. Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisema mwendesha mashtaka ana jukumu la kuuliza polisi wana nini. Kyles alisimamishwa kizimbani mara 5 kwa jumla, kisha akaachiwa.

Je, wajua kuwa ofisi nyingi za mashtaka za Marekani hutunza orodha ya polisi ambao wamewahi kubainika kusema uongo? Polisi wa aina hiyo akiitwa kutoa ushahidi, utetezi unapaswa kuambiwa historia yake. Wapo wanaolalamika kuwa orodha hizo zinawachafulia jina. Nafikiri mtu anayeweza kumpeleka mwingine gerezani kwa neno la kinywa chake hana budi kukubali neno hilo lipimwe.

Sasa tukae kidogo na John Thompson, maana kisa chake kinaeleza mengi.

Thompson alikamatwa New Orleans mwaka 1985 kwa mauaji. Picha yake ilipotoka gazetini, akahusishwa pia na jaribio la unyang'anyi wa kutumia silaha. Waendesha mashtaka waliamua kuanza na kesi ya unyang'anyi, na kwa sababu maalumu: akishapatikana na hatia hiyo, hataweza kupanda kizimbani kujitetea katika kesi ya mauaji bila kuulizwa kuhusu rekodi yake. Ndivyo ilivyokuwa. Alitiwa hatiani kwa unyang'anyi, akanyamaza katika kesi ya mauaji, akahukumiwa kifo.

Yule mnyang'anyi alikuwa ameacha damu yake kwenye mguu wa suruali ya mmoja wa aliotaka kuwaibia. Kipande cha kitambaa kikapelekwa maabara, na majibu yakaja kwa waendesha mashtaka kabla ya kesi: damu ni ya kundi B. Thompson alikuwa na kundi O. Majibu hayo hayakutolewa kwa wakili wake, na kitambaa chenyewe hakikuonekana tena.

Je, wajua ukweli huu ulitokea wapi? Mwaka 1994 mmoja wa waendesha mashtaka hao, akiwa anaugua saratani na kujua kuwa anakufa, alimwambia rafiki yake, naye mwanasheria, kwamba alificha ushahidi wa damu katika kesi ya Thompson. Rafiki akakaa na siri hiyo kwa miaka 5. Mwaka 1999, wiki chache kabla ya tarehe ya kunyongwa, mpelelezi aliyeajiriwa na mawakili wa Thompson aliikuta nakala ya majibu ya maabara katika kumbukumbu za polisi. Tarehe ya kunyongwa ilikuwa siku moja kabla ya mahafali ya mwanawe. Thompson alipimwa damu, hatia ya unyang'anyi ikafutwa, kisha na ya mauaji. Kesi ya mauaji iliposikilizwa upya mwaka 2003, wajumbe wa juri, wale raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, walimwachia huru kwa dakika 35 za mashauriano. Alikuwa amekaa gerezani miaka 18, na 14 kati ya hiyo akingoja kifo.

Alishtaki, na juri likampa fidia ya dola milioni 14, sawa na dola milioni moja kwa kila mwaka wa kungoja kunyongwa. Tarehe 29 Machi 2011 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikaifuta fidia yote. Sababu? Kosa la kesi moja, walisema, halitoshi kuthibitisha kuwa ofisi nzima ilizembea kuwafundisha waendesha mashtaka wake. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, na akausoma upinzani wake kwa sauti mahakamani, jambo ambalo majaji hao hulifanya wanapoona kosa ni kubwa. Thompson alifariki mwaka 2017. Alitumia miaka yake ya uhuru kuwasaidia waliotoka magerezani kama yeye.

Je, wajua kuwa kumshtaki mwendesha mashtaka mwenyewe akulipe ni vigumu mno? Tangu 1976, katika kesi ya Imbler, waendesha mashtaka wa Marekani wana kinga kamili dhidi ya madai ya fidia kwa wanayoyafanya wakiendesha kesi, hata kama walificha ushahidi kwa makusudi. Hoja ni kwamba bila kinga wangeendesha kesi kwa hofu. Hoja hiyo ina mantiki yake. Lakini mtu aliyepoteza miaka 18 anabaki na nini mkononi?

Je, wajua kuwa waendesha mashtaka waliowahi kulala jela kwa sababu ya kuficha ushahidi ni wachache kiasi kwamba majina yao yanakumbukwa? Mmoja ni Ken Anderson wa Texas. Mwaka 1987 alimtia hatiani Michael Morton kwa kumuua mkewe. Katika jalada la polisi kulikuwa na maelezo ya bibi wa mtoto: mjukuu wake, mtoto wa Morton mwenye miaka 3, alimsimulia kuwa aliyempiga mama yake alikuwa "zimwi", na kwamba baba hakuwepo nyumbani. Kulikuwa pia na taarifa ya majirani kuhusu gari la kijani ambalo mwenyewe alikuwa akizungukazunguka nyuma ya nyumba ile. Jaji alikuwa ameamuru maelezo ya mpelelezi yaletwe ayakague. Yaliyoletwa yalikuwa kurasa chache tu, zikafungwa kwa lakiri na kukaa hivyo hadi 2011.

Morton alifungwa karibu miaka 25. Kilichomtoa ni leso yenye damu iliyookotwa karibu na nyumba na shemeji yake, kaka wa marehemu. Ilipopimwa DNA baada ya mvutano mrefu na ofisi ya mashtaka, ilionyesha damu ya marehemu na vinasaba vya mwanaume mwingine, ambaye alitiwa hatiani mwaka 2013. Mwanaume huyo alikuja kutiwa hatiani pia kwa kumuua mwanamke mwingine mwaka 1988, wakati Morton akiwa tayari gerezani. Hapa ndipo watu wengi hawafiki wanapofikiria jambo hili. Ushahidi ukifichwa ili kumfunga asiye na hatia, aliyefanya kosa anabaki mtaani.

Anderson, ambaye baada ya kesi ya Morton alikuja kuwa jaji, alihukumiwa siku 10 jela kwa kuidharau mahakama. Alikaa 5. Leseni yake ya uwakili ikachukuliwa.

Jimbo la Texas lilitunga sheria yenye jina la Morton, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2014. Inaitaka ofisi ya mashtaka ifungue jalada lake kwa utetezi na kuandika kila kilichokabidhiwa. Tena, kabla mshtakiwa hajakiri kosa, pande zote mbili zikubali kwa maandishi au mbele ya jaji kwamba nyaraka hizi na hizi zimepokelewa. Ushahidi mwingine ukipatikana hata baada ya hukumu, nao utolewe. Kwa maoni yangu hii ndiyo namna bora ya kulilinda jambo hili, kwa sababu haimwachii mtu mmoja apime peke yake kipi kinafaa kuonyeshwa.

Maana tatizo kubwa liko hapo hapo. Je, wajua kuwa kwa kanuni ya Brady ilivyofafanuliwa mwaka 1985, hatia haifutwi kwa sababu tu ushahidi ulifichwa? Mfungwa lazima aonyeshe kwamba kuna uwezekano wa kutosha kuwa matokeo yangekuwa tofauti kama ungetolewa. Mwaka 2017 wanaume waliofungwa kwa mauaji ya mwaka 1984 mjini Washington waliithibitishia Mahakama ya Juu kuwa serikali haikutoa taarifa kuhusu mtu mwingine aliyeonekana karibu na mahali pa tukio. Majaji 6 kati ya 8 walisema taarifa hizo zisingebadilisha uamuzi. Kipimo hicho kinatumiwa na jaji baada ya kesi, lakini kabla ya kesi anayekitumia ni mwendesha mashtaka, ambaye ameshaamini kuwa aliyekamatwa ndiye mkosaji. Ni sawa na kucheza bao na mtu anayezishika kete zako mkononi mwake na kukuhesabia mwenyewe zimebaki ngapi.

Je, wajua kuwa kesi nyingi mno za jinai Marekani hazifiki kusikilizwa? Zaidi ya 9 kati ya 10 za hatia zote hutokana na mshtakiwa kukiri kwa makubaliano. Na mwaka 2002, katika kesi ya Ruiz, Mahakama ya Juu iliamua kuwa serikali hailazimiki, kabla ya makubaliano hayo, kutoa habari zinazoonyesha udhaifu wa mashahidi wake. Mtu anakubali miaka yake ya gerezani bila kujua kuwa shahidi pekee aliyemtaja amekwisha kubainika kuwa mwongo.

Je, wajua kuwa kupoteza ushahidi kunahukumiwa kwa wepesi kuliko kuuficha? Mwaka 1988, katika kesi ya Larry Youngblood wa Arizona, polisi hawakuzitunza kwenye baridi nguo zilizokuwa na alama za mkosaji, zikaharibika. Mahakama ikasema bila kuthibitisha nia mbaya, hakuna haki iliyovunjwa. Mwaka 2000 vipimo vipya vya DNA vikaonyesha kuwa hakuwa yeye.

Je, wajua kuwa hata seneta hakusalimika? Ted Stevens wa Alaska, mmoja wa maseneta waliokaa muda mrefu kuliko wengi bungeni Marekani, alitiwa hatiani Oktoba 2008 kwa kutotangaza zawadi, na siku chache baadaye akashindwa uchaguzi kwa kura chache. Aprili 2009 Jaji Emmet Sullivan aliifuta kesi yote baada ya kubainika kuwa waendesha mashtaka walificha maelezo ya shahidi wao mkuu yaliyopingana na aliyoyasema mahakamani. Stevens alikufa katika ajali ya ndege mwaka uliofuata. Sheria iliyopitishwa Oktoba 2020 sasa inawataka majaji wa shirikisho wamkumbushe mwendesha mashtaka wajibu wa Brady, kwa amri, mwanzoni mwa kila kesi ya jinai. Jambo la kutafakari ni hili: seneta alikuwa na mawakili wa bei ya juu. Asiye na hata nauli ya kwenda mahakamani angeligunduaje?

Takwimu zinajibu sehemu ya swali hilo. Daftari la taifa la Marekani la watu waliosafishwa hatia liliwachunguza watu 2,400 wa kwanza katika orodha yake na kuchapisha ripoti mwaka 2020. Katika asilimia 44 ya kesi hizo, ushahidi uliomfaa mshtakiwa ulikuwa umefichwa, ama na polisi, ama na waendesha mashtaka, ama na wote wawili. Hao ni waliobahatika kujulikana.

Je, wajua kuwa Richard Glossip wa Oklahoma alipangiwa tarehe ya kunyongwa mara 9, na mara 3 akaletewa mlo wake wa mwisho? Katika mauaji aliyohukumiwa kwayo, aliyeua alikuwa mtu mwingine, ambaye alimtaja Glossip kuwa ndiye aliyemtuma, na kwa kufanya hivyo akaepuka kifo. Miaka mingi baadaye jimbo lilifungua sanduku la karatasi za mashtaka, na humo mlikuwa na dokezo kwamba shahidi huyo alitibiwa na daktari wa akili, jambo alilolikana mbele ya juri bila mwendesha mashtaka kumsahihisha. Mwanasheria mkuu wa jimbo hilo, ambaye kazi yake ni kuzitetea hukumu za jimbo, alisema mwenyewe kuwa hukumu hii haiwezi kusimama. Tarehe 25 Februari 2025 Mahakama ya Juu ikaamuru kesi isikilizwe upya.

Nje ya Marekani nako kumepita mengi. Kanada, mwaka 1991, katika kesi ya Stinchcombe, Mahakama ya Juu ilisema matunda ya upelelezi si mali ya serikali ya kushindia kesi, bali ni mali ya umma ya kuhakikishia haki; kwa hiyo kila kinachohusika kitolewe, kiwe kinasaidia upande wowote. Naona ni kanuni pana na safi kuliko ya Marekani. Uingereza ilibadilika baada ya Judith Ward, aliyefungwa mwaka 1974 kwa bomu lililoua watu 12 ndani ya basi, kuachiwa mwaka 1992 ilipobainika kuwa polisi, wanasayansi wa serikali na waendesha mashtaka walikuwa na mengi ambayo hawakuyasema. Na Japani, Iwao Hakamada, aliyehukumiwa kifo mwaka 1968, alitangazwa hana hatia Septemba 2024 akiwa na miaka 88. Picha za rangi za nguo zilizotumika kumtia hatiani zilitolewa kwa mawakili wake baada ya miongo kadhaa.

Je, wajua kuwa kesi ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague ilikaribia kufa kwa sababu hii? Mshtakiwa alikuwa Thomas Lubanga, aliyetuhumiwa kuwaingiza watoto jeshini huko Ituri, mashariki ya Kongo. Mkataba wa Roma unamtaka mwendesha mashtaka achunguze kwa usawa yanayomtia mtu hatiani na yanayomtoa, na Ibara ya 67 inamwamuru ayatoe ya pili mapema iwezekanavyo. Lakini ofisi yake ilikuwa imepokea hati zaidi ya 200, nyingi kutoka Umoja wa Mataifa, kwa ahadi ya kutozitoa kwa mtu, na ndani yake mlikuwa na mambo yaliyoweza kumsaidia Lubanga. Juni 2008, siku chache kabla ya kesi kuanza, majaji waliisimamisha. Walisema kesi ya haki haiwezekani kwa hali hiyo. Ufumbuzi ulipatikana, kesi ikaanza Januari 2009, na Machi 2012 Lubanga akatiwa hatiani, akafungwa miaka 14. Wapo waliokasirika wakidhani majaji wanamtetea mbabe wa vita. Mimi naona kinyume. Hukumu ile imesimama kwa sababu mshtakiwa hakunyimwa kitu.

Kesi za Kenya katika mahakama hiyo zilipata pigo kama hilo. Machi 2013 mashtaka dhidi ya Francis Muthaura yaliondolewa baada ya shahidi muhimu kubadilisha maneno. Mwezi uliofuata majaji waliikemea ofisi ya mashtaka kwa kutoutoa mapema kwa utetezi ushuhuda wa kiapo ambao shahidi huyo aliutoa zamani, na ambao haukulingana na aliyoyasema baadaye. Na Arusha kwetu, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoanzishwa 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, ilikuwa na Kanuni ya 68 iliyohusu wajibu huu huu, na mabishano juu yake yalijaza majalada.

Je, wajua sheria za nyumbani zinasemaje? Kenya, Katiba ya 2010, Ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea, na kuufikia. Miaka 2 kabla ya Katiba hiyo, Mahakama ya Rufani ya Kenya katika kesi ya Cholmondeley ilikuwa imeshasema kwamba maelezo ya mashahidi na vielelezo lazima vitolewe kabla ya kesi, na kwamba upande wa mashtaka ukitaka kuzuia chochote, aamue jaji, si wao. Uganda, mwaka huo huo wa 2008, Mahakama ya Katiba ilitambua haki kama hiyo katika shauri la Kim. Tanzania, katika mashauri yanayosikilizwa na Mahakama Kuu, kama ya mauaji, maelezo ya mashahidi na nyaraka ambazo Jamhuri inakusudia kuzitumia husomwa mbele ya mshtakiwa katika mahakama ya chini kabla shauri halijapelekwa juu. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa hawezi kuitwa bila notisi ya maandishi. Na Ibara ya 59B ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie nia ya kutenda haki.

Yasome masharti hayo polepole. Mengi yanazungumzia ushahidi ambao mashtaka wanakusudia kuutumia. Ushahidi unaomwokoa mshtakiwa, kwa kawaida, ni ule wasiokusudia kuutumia: shahidi aliyehojiwa akasema aliyemwona alikuwa mrefu zaidi, majibu ya maabara yasiyolingana, picha ya kamera ya dukani inayoonyesha mtu mwingine. Alan Gell wa North Carolina alihukumiwa kifo kwa mauaji ambayo angeweza kuyatenda siku moja tu, huku jalada la mashtaka likiwa na maelezo ya mashahidi waliosema walimwona marehemu akiwa hai baada ya siku hiyo. Alipokuja kuachiwa mwaka 2004, jimbo lake lilitunga sheria ya kufungua majalada yote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una jamaa aliyeko mahabusu, msiishie kuomba maelezo ya mashahidi watakaoitwa. Wakili wake, au yeye mwenyewe kama hana wakili, aandike barua mapema kwa ofisi ya mashtaka, nakala kwa mahakama, akiomba na maelezo ya waliohojiwa wakaachwa, majibu yote ya maabara, picha zote, kumbukumbu za simu, na ahadi yoyote aliyopewa shahidi. Barua itaje vitu hivyo kimoja kimoja, iwe na tarehe, na nakala yenye muhuri wa mapokezi ibaki kwenu.